Mpishi wa gundi anayeuonea wivu mkono wa mkewe

Kengele ya zamu ya asubuhi haijalia, lakini mpishi wa gundi ameshafika. Ovaroli yake imekakamaa kwa gundi ya miaka mingi, kiasi kwamba akiivua jioni haianguki. Inabaki imesimama wima pembeni mwa kabati ikimsubiri mwenyewe. Anachukua kipande cha utepe kilichopakwa gundi jana, anakibonyeza kwa kidole gumba, kisha anakivuta karibu na sikio.

"Sikiliza," anasema. "Ikilia pwa! ujue ina njaa, inarukia chochote. Isipolia kabisa, hiyo imeshiba, haimtaki mtu."

Leo imelia kidogo tu, kwa adabu. Anatikisa kichwa kama mtu ambaye hajaamua afurahi au anune. Kabla hajaamua, mlango wa ukumbi unafunguliwa, wanawake wa maabara wanaingia wakicheka, na ghafla mpishi hana habari tena na kidole gumba. Macho yake yameganda kwenye mkono wa kushoto wa mwanamke wa pili. Mkono uko wazi hadi kiwiko, na umebandikwa vipande viwili vya plasta, kimoja juu, kimoja chini.

"Umeona?" anamnong'oneza mwandishi. "Kimoja kati ya vile ni cha mwanamume mwingine. Na sijui ni kipi!"

Mwanamke huyo ni mkewe wa ndoa.

Hapa kiwandani jina lake la kuzaliwa linatumika siku ya mshahara tu. Siku nyingine zote ni Chapchap. Mkewe, kwa kuwa walijaaliwa mapacha wa kike, ni Mama Pacha, na Chapchap mwenyewe akishavuka lango la kiwanda na kuingia mtaani anageuka Baba Pacha. Kiwanda chao kinatengeneza utepe wa kufungia maboksi, lebo za chupa na vitu vya namna hiyo, vyote vya gundi ile isiyotaka maji, isiyotaka moto, wala isiyotaka kusubiriwa ikauke. Unaibonyeza tu, imeshika.

Chapchap alianza kwa kubeba madumu. Akapanda akawa wa kufagia chini ya matangi, akapanda tena akawa msaidizi, na hatimaye akakabidhiwa tangi. Jina alilipata hapo. Wapishi wengine walikuwa wanamaliza mchana. Yeye gundi ilikuwa nzito tayari kabla ya chai. Alikuwa anafungua vali ya kichocheo, ile dawa inayoiamsha gundi, mpaka mwisho, anaupandisha moto, halafu anasimama pembeni na mikono kiunoni kama jogoo.

"Boksi halibembelezwi," anasema. "Boksi linataka gundi ya kulirukia. Na yangu ilikuwa inaruka!"

Hata mkewe alimpata kwa gundi. Mama Pacha alikuwa binti wa ukumbi wa kufungashia, na siku moja utepe wa Chapchap ulinasa kwenye kilemba chake. Chapchap akaitwa aje kuutoa. "Ilinichukua saa nzima," anasimulia, na uso unamng'aa.

"Ungeweza kuutoa kwa dakika mbili," mkewe anamjibu kutoka upande wa pili wa ukumbi, bila hata kugeuka. "Nilikuwa najua. Nikanyamaza."

Maisha yao si ya kujivunia. Mshahara wa mpishi wa gundi, ukishalipa kodi ya vyumba viwili na ada za mapacha, kinachobaki hakitoshi hata kugombania. Lakini Chapchap alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyempunguzia: alikuwa ndiye mpishi. Wageni wakija kiwandani waliletwa kwenye tangi lake. Mkewe, aliyekuwa amehamishiwa maabara kupima utepe, alikuwa akirudi nyumbani na habari zilezile tamu: leo imeshika, leo tena imeshika.

Ndipo alipokuja Samahani.

Samahani alitoka kwenye kiwanda kingine kilichofungwa. Ni mwembamba, mjane, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache ni neno hilohilo. Humwomba radhi mtu aliyemkanyaga yeye. Huiomba radhi pampu kabla ya kuigonga nyundo. Wenzake walimcheka wiki ya kwanza, na Chapchap alicheka kuwashinda wote, hasa alipomwona anavyopika: tangi vuguvugu, kichocheo kinadondoka tone moja moja, na mpishi amekaa kwenye benchi anatazama ukutani kana kwamba anasubiri mgonjwa atoke kwa daktari.

"Nilimuuliza kama anapika gundi au anaatamia mayai," anasema Chapchap.

Kicheko kilikatika siku ya kipimo cha uzito. Hapa kiwandani kipande cha utepe hubandikwa kwenye bamba la chuma lililosimama, kikaning'inizwa jiwe la mizani, watu wakaenda zao. Gundi legevu huteleza taratibu mpaka jiwe linaanguka. Jiwe la Chapchap lilianguka kabla ya chakula cha mchana, likapiga kelele mpaka kwenye ukumbi wa kufungashia. La Samahani liliachwa likining'inia jioni watu wakirudi makwao, na kesho yake lilikuwa palepale, halijasogea.

"Weee, nilidhani amelipigilia misumari," anasema Chapchap. "Nilikwenda kulichungulia kwa nyuma."

Mkemia wa kiwanda, mwanamama mwenye sauti ya chini na mkoba wa kufumia usiombanduka, aliwakalisha wapishi akawaeleza. Alitoa sufu aina mbili. Moja ilikuwa nyuzi ndefu zilizovurugika, nyingine alikuwa ameikatakata vipande vya urefu wa kidole. Akamwambia Chapchap avute. Ile ya vipande iliachana mkononi mwake bila ubishi. Ile ndefu ilijifunga yenyewe kwa yenyewe, akavuta mpaka akakunja uso.

Kwenye tangi, alisema mkemia, mambo ni hayohayo. Ule umajimaji unaomiminwa asubuhi ni chembe zinazosubiri kushikana mikono, moja baada ya nyingine, mpaka ziwe uzi. Kichocheo ndicho kinachoziambia zianze. Ukimwaga kichocheo kingi na moto mkali, zinaanza nyuzi nyingi kwa mpigo mmoja, zinagombania chembe zilezile, na zote zinatoka fupi. Ukidondosha kidogo kidogo, kila uzi unapata nafasi ya kurefuka.

Nyuzi fupi zinapitana upesi, ndiyo maana gundi ya Chapchap ilikuwa hodari wa kurukia. Lakini kwa kupitana huko huko ndiko inakoteleza ikibebeshwa mzigo. Ndefu zimekumbatiana, haziondoki haraka. Halafu kuna ile dawa ambayo wapishi wanaiita kibanio, inayofunga uzi kwa uzi. Ukiizidisha, gundi inakuwa raba, haishiki hata karatasi. Ukiinyima kabisa, inatiririka na kujipenyeza kila mahali.

"Nilielewa vizuri sana," anasema Chapchap. "Shida ilikuwa kutaka kuelewa. Kumbe kazi yangu ya miaka yote ni vipande vya sufu, na ya huyu anayeiomba radhi pampu ndiyo fulana nzima!"

Wivu wa kazini angeumeza. Mtu hunywa maji, akalala. Lakini ikaja kazi ya hospitali.

Hospitali yenye wodi ya wazee ilitaka plasta mpya. Ngozi ya mzee ni nyembamba. Plasta ya kawaida ikibanduliwa huondoka nayo. Walitaka plasta ishikilie mpira wa kupitishia dawa mkononi mchana na usiku, jasho lisiitoe, maji yasiitoe, halafu siku ya kutolewa itoke bila kumuumiza mtu. Mkemia akawapa wapishi wawili hao ruhusa kila mmoja alete mapishi yake. Tangi jipya litakalofungwa lingekuwa la atakayeshinda.

Bamba la chuma halina maumivu. Plasta ya namna hiyo hupimwa kwenye mkono wa mtu, na mkono wa kazi hiyo kiwandani ulikuwa wa Mama Pacha. Ana ngozi nyembamba tangu utoto, na ana ulimi usiojua kupaka mafuta. Aliipenda kazi ile. Mpimaji hukaa kwenye chumba chenye dirisha na kiti. Na neno lake ndilo linaloamua gundi iende sokoni au imwagwe. "Mkemia akiniuliza, mashine zote zinazimwa wanisikilize mimi," anasema. "Nyumbani hata redio haizimwi."

Sharti lilikuwa moja. Mpimaji asijue kipande kipi ni cha nani. Mkemia akatia alama: kimoja doa jekundu, kimoja doa la bluu. Wapishi nao hawakutakiwa kujua, lakini Chapchap alipita chumbani kwa mkemia kuazima spana, akaona dumu lake limefungwa utepe mwekundu.

"Ana spana tatu kabatini kwake," anasema Mama Pacha.

Basi msomaji, hebu kaa kwenye meza ile ya vyumba viwili. Baba, mama, mapacha wawili, chakula mezani, na mkono wa mama umepita katikati kuchukua chumvi ukiwa na madoa mawili. Kipimo ni cha mchana na usiku, kwa hiyo plasta zinakuja nyumbani, zinaosha vyombo, zinaoga, zinalala kitandani. Mama anajua ni nyekundu na bluu. Baba anajua ni yeye na Samahani.

"Namshika mke wangu mkono, nagusa bluu," anasema Chapchap. "Naamka, nafumbua macho, kitu cha kwanza mbele yangu ni bluu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Na nyekundu ilikuwa inamwaibisha. Jioni ya kwanza ilikunja pembe. Ya pili iliteleza ikaenda kukaa kwenye kifundo cha mkono. Ya tatu ilibandukia ndani ya beseni la vyombo, na mmoja wa mapacha akapiga kelele kwa furaha, "Mama, nyekundu imezama!" Mwenzake akadai wafanye mazishi.

Mama Pacha alicheka na watoto. Kisha akaitazama ile iliyobaki, akaipapasa kwa kidole, akasema kwa nia njema kabisa, "Hii ya bluu nimeisahau kama nimeivaa. Aliyeipika ana mkono wa upole."

Chapchap akaweka kijiko chini. Alikuwa na njaa. Njaa ikaisha palepale.

Tangu hapo kijicho kikamkaa kooni. Akaanza kuona mambo. Aliona mkewe akipita karibu na tangi la Samahani bila haraka. Alisikia wakisalimiana. "Alimwambia habari za asubuhi," anasema, na hadi leo sauti inampanda. "Habari za asubuhi! Mimi mumewe naulizwa kama nimefunga mlango."

Alipomwona mkewe amevaa kilemba kipya aliuliza ni cha nini. Alipomwona amevaa cha zamani aliuliza mbona hajapendeza, kuna nini. Mama Pacha akadhani mumewe anaumwa, akamshauri apime presha.

Kumbe mwenzake alikuwa anapanga mapishi. Kwa sampuli iliyofuata Chapchap aliamua kwamba nyekundu haitoki tena kwenye mkono ule, liwalo na liwe. Aliipika kwa moto uleule na haraka ileile, akamimina utomvu wa msonobari kupita kiasi ili kuizidishia njaa, na kibanio akakiacha kwenye chupa yake, hata tone. Alipobonyeza kidole gumba, kidole kilitaka kubaki. Pwa! ya siku hiyo ilisikika hadi kwenye ngazi. Akaenda nyumbani anapiga mluzi.

Usiku kucha gundi ile isiyo na kitu cha kuizuia ilifanya kazi yake. Ilitiririka polepole ikajipenyeza kwenye kila mstari na kila kinyweleo cha ngozi ya Mama Pacha, ikatulia humo. Kulipokucha nyekundu ilikuwa imelala vizuri, pembe zote nne chini. Chapchap aliitazama wakinywa chai. Anakiri alijisikia bwana harusi.

Saa ya kubandua ikafika palepale mezani, kama kanuni ilivyotaka. Bluu ilitoka taratibu, ngozi ikabaki kama ilivyokuwa. Mama Pacha akashika pembe ya nyekundu. Akavuta kidogo, akasita, akakunja uso, akavuta tena. Plasta ikatoka na ngozi yake. Palibaki alama mbichi, pana kama ukucha wa kidole gumba, ikaanza kuchuruzika, na pembeni yake gundi chafu iliyokataa kutoka. Mapacha wakaacha kutafuna.

Mama Pacha hakulia. Aliibonyeza kwa kitambaa safi, akavuta pumzi, akasema, "Aliyepika hii hana huruma. Huyu hajawahi kukaa na mgonjwa. Afadhali mara mia yule wa bluu."

Chapchap anasema alijikaza. Aliuma meno. Alitazama chai. Lakini lile "yule wa bluu" lilimpanda mpaka utosini.

"Nyekundu ni mimi!" akafoka. "Umesikia? Nyekundu ni mimi, mumeo! Na hiyo bluu unayoibembeleza kutwa kucha ni ya Samahani wako!"

Mama Pacha akaondoa kitambaa, akautazama mkono.

"Umeniharibia mkono," akasema Mama Pacha.

Chapchap aliruka akakimbilia maji na dawa ya kidonda, akapiga magoti mbele ya kiti chake akitaka kuusafisha. Mkewe akauvuta mkono.

"Si hapo," akasema. "Hapo patapona. Sasa najua ipi ni ya nani. Nikisema bluu, nitakuwa mke aliyemkasirikia mumewe. Nikisema nyekundu, nitakuwa mke anayembeba mumewe. Mkono huu haufai tena."

Njiani kwenda kazini alimsihi. Alimbembeleza mpaka kwenye lango la kiwanda: si wewe na mimi tu ndio tunajua, Mama Pacha, nyamaza, yatapita. Mkewe alisimama, akamgeukia mbele ya watu.

"Ninyamaze, halafu mzee wa watu achunwe ngozi kwa ajili ya ndoa yangu?"

Akaenda moja kwa moja kwa mkemia, akasema yote. Kabla ya mchana alikuwa amerudishwa ukumbi wa kufungashia, kukunja maboksi amesimama, kule alikotoka zamani akiwa binti. Kiti chake kwenye chumba chenye dirisha kikapewa mama mmoja wa usafi, mwenye mikono iliyokomazwa na sabuni za sakafu. Ngozi ile plasta zote zilishika na zote zikatoka vizuri, hata ya kufungia maboksi. Mkemia akasimamisha majaribio. Chapchap akapewa onyo la barua na macho ya kiwanda kizima.

Nyumbani walilala mzungu wa nne. "Miguu yake ilikuwa usoni kwangu," anasema Chapchap. "Na niamini nikikwambia, hata miguu ilikuwa imeninunia."

Mwanamume mwenye wivu akishaharibu hutafuta wa kumbebesha. Chapchap alimpata upesi. Wakati wa chakula cha mchana alikwenda kwenye tangi la Samahani akiwa amekunja ngumi, na wenzake wakasogeza viti wapate kuona vizuri.

"Samahani," akasema Samahani.

"Ya nini?"

"Sijajua bado. Lakini nakuona umekuja umekasirika."

Watu wakacheka. Chapchap hakucheka. Akamwuliza waziwazi, unamtakia nini mke wangu? Samahani akamtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kipimajoto. Kisha akasogea, akampisha kwenye benchi.

"Mke wako simtakii kitu," akasema. "Mimi wivu wangu ni kwako."

Chapchap akadhani amesikia vibaya.

"Nawaona jioni mkitoka pale langoni," Samahani akaendelea. "Kila siku mnagombana nani ana ufunguo wa nyumba. Wewe unasema anao yeye, yeye anasema unao wewe, mnapekuana mifuko barabarani. Roho inaniuma, ndugu yangu. Mimi ufunguo wangu sijawahi kuusahau. Nani atanifungulia?"

Akamweleza kwamba marehemu mkewe aliugua muda mrefu, mpira wa dawa mkononi, na plasta ilibadilishwa mara kwa mara. Kila ilipobanduliwa alikunja uso, halafu akajilazimisha kutabasamu ili mumewe asione. "Nikiwa mbele ya tangi nauona ule uso," akasema. "Ndiyo maana mkono wangu hauwezi kufungua vali yote. Basi hivyo tu."

Ungetegemea wivu wa Chapchap uyeyuke hapo. Wapi! "Ulizidi," anasema. "Sasa nikamwonea wivu hata ule upole wake. Mimi mke wangu mzima, yupo, na mimi ndiye niliyemkunjisha uso. Nilitamani ardhi inimeze na tangi juu yake."

Kengele ya kurudi kazini ikalia. Kisha, kwa sauti ambayo waliosogeza viti hawakuisikia, akasema, "Nifundishe."

"Kaa," akajibu Samahani.

"Nimekaa."

"Kalia mikono."

Hilo ndilo lilikuwa somo, na ndilo lililomtesa. Kichocheo kinadondoka, tone, tena tone. Tangi liko kimya. Na mkono wa Chapchap unatambaa wenyewe kuelekea kwenye vali. Samahani anakohoa. Mkono unarudi chini ya paja. Siku za kwanza alitoka jasho kuliko tangi. Gundi yake ya kwanza ya polepole aliizidishia kibanio kwa hofu, ikatoka raba tupu. Mapacha waliifinyanga mpira wakaichezea uani. Iliyofuata ilikuwa afadhali. Iliyofuata hiyo, mkemia aliivuta kati ya vidole viwili, ikarefuka, ikarefuka, ikarudi. Kisha akatoa mkobani sufu ndefu akaiweka kwenye benchi mbele ya Chapchap.

Kidonda kilipona kikaacha kovu jeupe. Mkemia, aliyekuwa amechoshwa na mkono wa chuma wa mama wa usafi, akatafuta njia ya kumrudisha mpimaji wake. Aliachana na rangi. Sasa anakata vipande mwenyewe nyumbani kwake, kimoja pembe za mraba, kingine pembe za mviringo, na kila siku anabadilisha kipi ni cha nani. Funguo za chumba chake anazo shingoni. Mpimaji hajui. Wapishi hawajui. Spana haziazimwi.

Mama Pacha alirudi kwenye kiti chake kwa sharti moja la kwake mwenyewe. Mkemia alitaka kutumia mkono wa kulia, ulio mzima. Akakataa.

"Bandika hapa," akasema, na kidole akakiweka kando ya kovu. "Ngozi ya hapa ndiyo mpya, ndiyo nyembamba. Isipouma hapa, haitamuuma mzee yeyote."

Ndivyo ilivyo leo. Jua la mchana limeingia kwenye chumba cha vipimo. Mama Pacha amekaa, mkono juu ya meza, vipande viwili vya plasta vimelilalia kovu huku na huku. Vyote vimelala naye, vimeoga naye, vimefua naye. Wapishi wanaruhusiwa kutazama kutoka kwenye benchi la ukutani ila hawaruhusiwi kusema neno. Samahani yuko mwisho huu, Chapchap mwisho ule, na katikati yao pana nafasi ya mtu wa tatu.

Mama Pacha anaanza na ya mraba. Chapchap haiangalii plasta, anauangalia uso. Pembe inanyanyuka, inavutwa kuelekea kwenye kovu, inapita, inatoka. Uso haukukunjika. Ngozi iko pale. Anashika ya mviringo. Inavutwa, inarefuka kidogo, inaachia. Uso haukukunjika. Hata jicho halikupepesa.

"Zote mbili zimeshika," Mama Pacha anamwambia mkemia. "Na zote mbili zimeachia."

Mkemia anaandika. Vipande vitakwenda wodini vikajaribiwe, na tangi jipya litajulikana ni la nani baada ya wazee wenyewe kusema.

Mwandishi anamwuliza Chapchap anatumaini nini.

"Sitakudanganya, nalitaka tangi lile," anasema. "Nalitaka mpaka usingizi sipati. Nataka mzee mmoja huko wodini abanduliwe plasta yangu akiwa katikati ya hadithi, na asiikatize. Na nataka siku moja mke wangu aseme imeshika, ajue ni mimi, na bado aseme hivyohivyo."

Na leo, ipi ilikuwa yake? Hajui. Angependa kujua? Ukimtazama vizuri utaona mikono yake yote miwili iko chini ya mapaja, ameikalia.

Mama Pacha anashusha mkono wa gauni, anainuka, anapita mbele ya benchi. Anasimama.

"Ufunguo unao?"

"Mimi? Nilikuachia wewe."

"Uliniachia lini? Nimekuuliza asubuhi mlangoni ukasema unao!"

"Nilisema ninao wa kabati!"

Wanapekuana mifuko. Unatoka utepe, inatoka spana, hautoki ufunguo. Mwisho wa benchi Samahani ameinamisha kichwa, anawatazama kwa jicho la pembeni, na anajitahidi asionekane anatazama. Chapchap analiona jicho lile. Analijua, amekaa nalo mwenyewe siku nyingi.

Anaacha kupekua.

"Samahani," anamwita, na wote watatu hawana hakika kama ni jina au ni ombi la radhi. "Beba bisibisi jioni. Utatufungulia mlango, halafu utakula kwetu."

Samahani anafungua mdomo kukataa kwa adabu, Mama Pacha anamkatiza: ameshakubali. Chapchap anafikiri kidogo, kisha anaongeza, kwa sauti ya mtu ambaye hajapona na wala hajidai amepona:

"Lakini utakaa upande wangu wa meza."